Mikanda ya Mama Mkwe

Tulimwita Kaza, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila pikipiki aliyoipakia kwenye trela lake, ilikuwa lazima arudi hatua moja nyuma, aitazame kama fundi anavyotazama suti iliyovaliwa mara ya kwanza, kisha aseme, "Kaza tena." Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Haya alitusimulia mwenyewe, akiwa amelalia ubavu mmoja kwa sababu ule mwingine haukulalika, na mengine tuliyaona kwa macho yetu.

Kazi yake ilikuwa kusafirisha pikipiki. Mtu kahama, mtu kanunua pikipiki mji mwingine, mtu injini imemgomea njiani: anapigiwa simu Kaza. Anafika na pikapu yake nyeupe, nyuma anavuta trela la chuma. Na kwa kufunga, tuseme haki, hakuwa na mpinzani. Gurudumu la mbele liingie kwenye kizuizi mpaka ligome. Stendi ikunjwe. Mikanda miwili mbele, ikivuta usukani chini na pembeni mpaka shokapu zizame nusu. Mikanda miwili nyuma, ikishika fremu isiyumbe. Gia ya kwanza, koki ya mafuta imefungwa. Halafu ukishakwenda kilomita kama kumi unasimama, unashuka, unagusa mkanda mmoja mmoja kwa kidole. Hilo la mwisho alilisisitiza kuliko yote, mpaka watoto wa mtaa walilikariri.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa sebuleni anakunywa chai, mke wake amekaa sakafuni anakunja nguo zilizokauka.

"Mama amepiga simu," mkewe akasema. "Anataka ukamchukulie pikipiki ya marehemu, uipeleke kwa mtu."

Kaza akakitua kikombe. "Kwa nani?"

"Hakusema. Kasema atakuelekeza ukifika."

"Na kwa nini mimi?"

Mkewe akamtazama kama aliyesikia vibaya. "Sasa ampe nani kazi hiyo, na mkwewe ana trela?"

Mteja unaweza kumdanganya kwamba pikapu ni mbovu. Mama mkwe aliyekaa kimya tangu msiba, akikuita, unavaa viatu.

Marehemu mwenyewe alikuwa mdogo wa mke wake, shemeji yake Kaza, na walifanya kazi pamoja miaka sita. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na kila kitu alikifanya polepole mpaka wateja wakambatiza jina la Taratibu. Alivaa ovaroli ya bluu siku zote za kazi. Kaza alimpenda. Hilo alilirudia mara nyingi alipokuwa akitusimulia, kama mtu anayedhani atabishiwa.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya Jumamosi ile, pikipiki iliruka kutoka kwenye trela lao kwenye kona ya barabara kuu. Ilimkuta mwoka mikate aliyekuwa anaendesha baiskeli, amebeba mikate yake nyuma. Mikate ilisambaa barabarani, mingine ikiwa bado ya moto. Yule mwoka mikate hakuinuka tena.

Ukweli wa siku ile ni huu. Taratibu alikuwa amekwenda kujaza dumu la mafuta. Kaza alikuwa na haraka, akafunga mwenyewe mikanda miwili ya mbele, ile ya nyuma akaitupia kwenye trela akisema ataifunga wakisimama kukagua. Hawakusimama. Shemeji yake alimkumbusha, Kaza akamjibu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Na polisi walipofika wakauliza nani alifunga mzigo, Kaza alinyoosha kidole kabla hata swali halijaisha.

Mahakamani Taratibu alisema, "Sikufunga mimi." Alilisema mara tatu, polepole, kama kawaida yake, na upole wake ukaonekana ni hatia. Kaza alikuwa mwenye trela, mtu mzima, mwenye sifa ya kufunga. Hata mkewe alimwamini mumewe, akamwambia mama yake kwamba mtoto wako alizembea, akubali tu. Taratibu alifungwa miaka mitatu. Hakumaliza hata mmoja. Kifua kilimuulia humo ndani.

Basi Kaza akaenda. Alimkuta mama mkwe barazani, amekaa nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga. Kazi ya mama yule maisha yake yote ilikuwa kushona vitu vigumu: maturubai, mifuko ya kubebea zana, viti vya magari. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kuvuta sindano nene. Pikipiki nyekundu ya marehemu ilikuwa uani, imeoshwa, inang'aa.

"Karibu, baba," akasema bila kusimamisha mguu.

"Ahsante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mikanda yako imechoka, nasikia."

"Bado ina nguvu kidogo."

"Mimi nimekushonea mingine." Akainama, akatoa kikapu chini ya cherehani. "Vyuma vya kukazia nilimwomba mkeo aniletee kutoka kwenye mikanda yako ya zamani. Kitambaa ni changu."

Mikanda ilikuwa minne, mipana kama vidole vitatu, imeshonwa kwa uzi mweusi tabaka juu ya tabaka. Ilikuwa ya bluu. Kaza aliuinua mmoja akaupitisha mkononi. Katikati yake kulikuwa na doa la oili ambalo halikutoka kwa kuoshwa, na pembeni ya doa, alama za tundu la kifungo lililozibwa.

Alijua ilikuwa ovaroli ya nani.

"Mama, hii..."

"Watu wa gereza waliirudisha pamoja na viatu," mama mkwe akasema. "Niliona isikae bure. Haikatiki hiyo, nimeishona mwenyewe."

Utamwambia nini mama mkwe? Kwamba hutaki? Kaza akateremsha ubao wa kupakilia, akaisukuma pikipiki juu, gurudumu likaingia kwenye kizuizi. Akafunga mbele kulia, mbele kushoto. Chuma cha kukazia kililia krr, krr, kama siku zote. Mama mkwe alitoka barazani akasimama karibu, mikono nyuma, akiangalia kila anachofanya.

"Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona," akasema, "aliniambia, mama, kifua kinanibana kama pikipiki iliyofungwa. Akacheka. Unajua alivyokuwa akicheka."

"Mungu amrehemu, mama."

"Siku ile nani alifunga, baba?"

Mkono wa Kaza ulisimama kwenye chuma. Kuku alikuwa akiparua chini ya trela.

"Mama, mambo yale yalishapita."

"Ni kweli. Nimeuliza tu."

Kaza akafunga na miwili ya nyuma, mama mkwe akamwelekeza njia. Apite tanuri za matofali, apite daraja la chuma, akifika penye shule ahesabu nyumba ya tatu, yenye geti la kijani. Mwenyewe yupo anangoja. Kisha mama mkwe akaweka kiganja chake juu ya kiti cha pikipiki, kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

"Nenda," akasema. Kaza alimwangalia usoni. Hakuwa anasema naye.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, barabara ina watu, redio inapiga taarabu. Kaza alijiambia ni kazi kama kazi nyingine. Baada ya kilomita kumi alisimama pembeni, kwa sababu tangu siku ya mwoka mikate hakuwahi kuacha kusimama. Akashuka akagusa mkanda wa kwanza kwa kidole.

Ulikuwa mgumu kama bati.

Mikanda huwa inalegea njiani. Ndiyo sababu watu husimama. Pikipiki hutikisika, hutulia chini zaidi, mkanda unapata nafasi. Alikuwa hajawahi kuona mkanda unaojikaza wenyewe barabarani. Alizipima shokapu za mbele kwa macho. Alikuwa ameziacha nusu. Sasa zilikuwa zimezama karibu zote. Akajaribu kufungua chuma alegeze kidogo, mpini haukucheza. Akaugonga kwa kiganja. Akaugonga kwa spana. Hakuna.

"Joto," akajiambia. Akarudi kwenye usukani.

Hakufika mbali. Redio ilikuwa katikati ya wimbo aliposikia kutoka nyuma.

Krr.

Akapunguza sauti ya redio. Kimya. Matairi tu. Akaizima kabisa.

Krr.

Na safari hii kitu kilimkaza kifuani. Alidhani ni mkanda wa kiti, akauvuta, ukaja bila shida. Akaufungua. Kilichombana hakikuondoka. Kilikuwa chini ya shati, chini ya ngozi, kimezunguka kutoka mgongoni mpaka mbele. Upana wake aliuhisi vizuri. Vidole vitatu.

Alisimama tena, akachukua kisu cha kukatia kamba. Kama hii mikanda haifunguki, itakatwa, na mama mkwe ataambiwa lolote. Akaweka kisu kwenye mkanda wa mbele kulia, akavuta.

Mkanda haukukatika. Yeye ndiye aliyepiga kelele. Alifungua shati pale pale kando ya barabara, mbele ya mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, akaona mstari mwembamba wa damu upande wa kulia wa mbavu zake, mrefu kama upana wa ule mkanda. Mama wa ndoo alimtazama, akatazama trela, akaharakisha mwendo.

Kaza akaamua kurudi. Atairudisha pikipiki, atasema anaumwa. Akageuza pikapu. Kabla trela halijanyooka kwenye njia ya kurudi, nyuma kulilia krr, krr, krr, mfululizo, na pumzi ikamkatika. Akaona giza mchana kweupe. Mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Alipoelekeza tena pikapu kule alikotumwa, kifua kilimwachia. Kidogo tu, kama mtu anayelegeza kamba ya mbuzi ili atembee.

Akaendelea mbele.

Alipopita tanuri za matofali alimpigia mkewe. Simu iliita mara nyingi.

"Umefika?" mkewe akauliza.

"Bado." Alinong'ona, sauti haikuwa na nafasi ya kutoka. "Mama kakwambia hii pikipiki inapelekwa kwa nani?"

"Kwani kuna nini? Mbona unasema hivyo?"

"Niambie tu."

"Sijui, nimekwambia sijui. Na huyo uliyempa lifti mwambie anywe maji, anakohoa vibaya."

Kaza aligeuka. Alitazama kiti cha pembeni. Kulikuwa na kitambaa cha kufutia kioo na chupa tupu.

"Sina mtu," akanong'ona.

Kaza alisikia mkewe anavyovuta pumzi kule, anavyosikiliza. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anakohoa kama mdogo wangu."

Simu ikakatika. Hakujua nani aliikata.

Hapo ndipo alipoinua macho kwenye kioo cha katikati, akaitazama pikipiki. Barabara ilikuwa na mashimo, pikapu inaruka, trela linaruka. Pikipiki haikuyumba hata kidogo. Imesimama wima, imetulia, kama imeshikwa.

Krr.

Daraja la chuma. Krr. Shule. Nyumba ya kwanza. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi kama mbwa. Nyumba ya pili. Krr. Geti la kijani lilikuwa wazi, na mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango, mikono mapajani.

Kaza alimtambua kabla hajazima gari. Siku zote za kesi mwanamke huyo alikaa benchi la mbele, mjane wa mwoka mikate. Nyuma yake, ukutani, ilikuwa imeegeshwa baiskeli iliyopinda.

Alishuka akashikilia mlango, akaanguka magoti. Mjane hakuinuka.

"Nilimwambia yule mama kwamba pikipiki siitaki," akasema kwa utulivu. "Nitaifanyia nini? Akaniambia haniletei pikipiki."

Kaza alijaribu kusema. Hewa haikutosha.

"Akasema ananiletea aliyefunga."

Uani hapakuwa na mtu mwingine. Nyuma, kwenye trela, mtu alikohoa. Mara moja, kikohozi kizito, cha kifua kilichojaa. Mjane alikisikia. Kaza aliona macho yake yanahama kutoka kwake kwenda kwenye trela, yanatulia hapo, juu kidogo ya kiti cha pikipiki, mahali ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Tulifunga pamoja," Kaza akanong'ona. "Mimi na yeye."

Krr.

Ubavu ulivunjika. Mjane alisikia ule mlio, alitueleza baadaye kwamba ulikuwa kama ukuni mkavu. Kaza akalala kwenye vumbi, mdomo wazi kama samaki.

"Sema tena," mjane akasema.

"Tulikuwa wawili, haraka..."

Krr. Wa pili.

Mjane akainuka sasa. Alikuja akachuchumaa karibu na kichwa chake. Hakumgusa. Usoni mwake ulionekana mwaka mmoja na nusu wa kulala peke yake, na hakuwa na haraka yoyote.

"Sikiliza, baba. Mimi nilimchukia mtu ambaye hakunikosea. Nilisimama mahakamani nikaomba afungwe. Niliposikia kafia humo, nilifurahi. Nilipika, nikala, nikashiba. Wewe ndiye uliyenilisha chakula kile. Sasa sema, au nyamaza ufe hapo, mimi yote mawili nayaweza."

"Mimi," Kaza akasema.

Hakukuwa na mlio.

"Mimi nilifunga. Peke yangu. Mikanda miwili. Ya nyuma niliiacha. Yeye alikuwa hayupo. Aliniambia tusimame nikakataa. Mimi ndiye niliyemuua mume wako, na shemeji yangu nikamtoa badala yangu."

Vyuma vyote vinne vilifunguka kwa pamoja. Mikanda ya bluu ikadondoka kwenye sakafu ya trela, laini kama nguo inayovuliwa. Pumzi ikamwingia Kaza kwa nguvu mpaka akalia kama mtoto mchanga.

Pikipiki ilibaki imesimama. Stendi yake imekunjwa, hakuna mkanda, hakuna kamba. Mjane aliitazama muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hata yeye hakujua kwa nini: akavua kanga ya begani, akaitandika chini kando ya trela, akasema, "Umefika. Pumzika." Ndipo pikipiki ilipoegemea polepole upande wake, taratibu sana, mpaka ikalala kwenye ukingo wa trela bila kukwaruza hata rangi.

Hospitali walihesabu mbavu mbili zilizovunjika na alama nne za kubanwa, pana kama vidole vitatu. Daktari aliuliza gari lilibinduka wapi. Kaza alisema halikubinduka. Akaomba aitiwe polisi, akiwa bado na bandeji mbichi, akaandikisha maelezo yake yote mbele ya mjane. Alirudi nyumbani wiki chache kungoja kesi, na ndipo alipotusimulia. Alikuwa anatusimulia kwa haraka, kila siku, na akifika mahali akataka kupunguza kidogo, unaona mkono unakwenda ubavuni.

Mkewe hakumgombeza. Alizikunja nguo zake, akarudi kwa mama yake, na hajarudi mpaka leo. Yeye naye ana lake la kubeba: ndiye aliyemwambia mama yake kwamba mdogo wake akubali tu.

Siku Kaza alipohukumiwa, mimi na mwenzangu mmoja wa mtaani tulikwenda kwa mama mkwe kumpelekea ujumbe kwamba anaomba msamaha. Tulimkuta kwenye cherehani yake. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu unakanyaga, turubai linapita chini ya sindano.

"Mwambieni nimesikia," akasema.

Tulingoja aongeze neno. Mwenzangu akajikaza akamuuliza ile mikanda ilikuwa na nini.

"Nilishona tu," akasema. "Kushona ndiyo kazi yangu." Akakata uzi kwa meno.

Trela polisi walilirudisha, wakaliegesha uani kwa Kaza, na liko pale, tunaliona kutoka dirishani kwetu. Hakuna aliyelitaka. Chuma chake kimeanza kula kutu, majani yameota magurudumuni. Ila kwenye sakafu yake, kushoto kwa mfereji ambamo magurudumu ya pikipiki hukaa, kuna mahali pawili pasiposhika kutu. Ni nyayo za miguu mitupu, kubwa, za mtu mrefu, vidole vimejikita kama mtu aliyejikaza asianguke na mzigo.

Mvua ikinyesha huwa tunakwenda dirishani kutazama. Trela lote linalowa. Hapo pawili panabaki pakavu.